Yule Mtu wa Kwanza

Filamu ilipokwisha, Guka hakusema neno. Nilidhani amesinzia, maana saa nne za usiku zilikuwa zimepita na yeye alikuwa mtu wa kulala mapema. Nilipowasha taa nikamkuta macho wazi, mikono yote miwili juu ya mkongojo, akiitazama skrini ya laptopu yangu iliyokwisha kuwa nyeusi. Kisha akauliza, "Na yule mtu wa kwanza, aliishia wapi?"

Sikujua anamsema nani. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara nne kabla ya usiku huo. Nilijua majina ya waigizaji, nilijua aliyetunga muziki, nilijua tuzo iliyoshinda na mwaka wake. Nilikuwa hata nimeiandikia insha chuoni nikapata alama nzuri. Lakini ilinibidi nikae kimya nifikiri kwanza: mtu wa kwanza ni yupi?

Filamu yenyewe ni La battaglia di Algeri, yaani Vita vya Algiers, ya mwongozaji Mwitaliano Gillo Pontecorvo, iliyotoka mwaka 1966. Inaanzia katika chumba cha mateso. Mwanamume mwembamba, kifua wazi, anatetemeka mbele ya askari wa miamvuli wa Kifaransa. Ameshasema walichotaka aseme, kwa hiyo sasa wanamtendea wema wa aina yao. Wanampa kahawa anywe. Wanamvisha sare yao ya kijeshi na kofia, ili aingie nao katika mtaa wa Kasba bila kutambuliwa, na sura yake ndani ya sare hiyo inawachekesha. Machozi yanamtoka. Ghafla anakimbilia dirishani akipiga kelele. Wanamkamata na kumrudisha. Baadaye kidogo ameshawaonyesha ukuta. Nyuma ya ukuta huo amejificha Ali la Pointe, mpiganaji wa mwisho anayetafutwa jijini, pamoja na wenzake watatu. Kamera inauangalia uso wa Ali gizani, halafu filamu inarudi nyuma hadi mwaka 1954 kutueleza yeye ni nani.

Kuanzia hapo mimi, kama watazamaji wengi, nilimfuata Ali. Yule mwembamba nilimwacha mlangoni.

Nilikutana na filamu hii mwaka 2016, nikiwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. Tulikuwa na kikundi cha kutazama filamu kila Alhamisi jioni, projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Wengi wetu tulikuwa tumezoea filamu za rangi na milipuko ya kompyuta, na mmoja wetu alinung'unika alipoona ni nyeusi na nyeupe, tena kwa Kifaransa na Kiarabu, maandishi chini. Baada ya dakika kumi hakuna aliyenung'unika. Baada ya nusu saa tulikuwa tunashangilia kama watu walio uwanjani.

Kuna mfululizo wa matukio ambao mtu akishauona hausahau. Wanawake watatu wa Kialjeria wako mbele ya vioo. Wanavua mabuibui, wanakata nywele, wanajipaka rangi ya mdomo na kuvaa nguo za Kizungu, huku ngoma ikipiga mfululizo. Kila mmoja anapewa kikapu, na ndani ya kikapu mna bomu. Wanavipita vizuizi vya askari. Askari mmoja anamtania mmoja wao, anamwachia apite. Ukumbini tulipiga makofi. Kisha mmoja wa wale wanawake anaingia mkahawani, anaketi, anakisukuma kikapu chini kwa mguu, halafu anatazama watu waliomzunguka. Kamera inatazama pamoja naye: vijana wanaocheza, mzee mwenye glasi yake, mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Mtoto huyo kamera inakaa naye. Ukumbini makofi yalipungua. Ningependa kuandika kwamba yaliisha, lakini hayakuisha, na yangu yalikuwemo.

Nilipotoka usiku huo nilikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba nimeona historia yenyewe. Hilo ndilo Pontecorvo alilolitaka. Yeye na mpiga picha wake, Marcello Gatti, waliona kwamba watu wa zama zao waliijua dunia kupitia magazeti na filamu za habari, nyeusi na nyeupe, zenye chembechembe na mtikisiko. Basi wakaifanya filamu yao ionekane hivyo. Walitumia lenzi za mbali, kamera za mkononi, na wakanakili negativu ili picha ikwaruze macho. Ilifanikiwa mno hata ilipoonyeshwa Marekani ikawekewa tangazo kwamba hakuna hata kipande kimoja cha filamu ya habari ndani yake. Kila kitu kimeigizwa. Maandamano, upekuzi wa usiku, wanawake wanaopiga vigelegele juu ya mapaa, vyote vilipangwa na mtu aliyesimama nyuma ya kamera.

Na aliyesimama mbele ya kamera naye alikuwa wa kushangaza. Saadi Yacef, mtayarishaji wa filamu kwa upande wa Algeria, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kijeshi wa FLN jijini Algiers wakati wa vita hivyo. FLN ndicho chama kilichoanzisha vita vya ukombozi usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954. Wafaransa walimkamata Yacef Septemba 1957, wakamhukumu kifo, na akanusurika baada ya de Gaulle kushika madaraka. Akiwa gerezani aliandika kumbukumbu zake. Baada ya uhuru alikwenda Italia kutafuta mtu wa kuzigeuza kuwa filamu. Pontecorvo, ambaye mwenyewe alikuwa mpiganaji wa chini kwa chini dhidi ya mafashisti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliukataa mswada wa kwanza kwa kuwa aliuona ni propaganda. Yeye na mwandishi Franco Solinas wakafanya utafiti wao na kuandika upya. Yacef akaigiza katika filamu hiyo mhusika anayefanana naye kama pacha, kiongozi aitwaye Jaffar.

Ali la Pointe aliigizwa na Brahim Haggiag, mtu ambaye hakuwahi kuigiza. Karibu wote ni watu wa namna hiyo, wakazi wa Algiers waliokuwa wakiigiza yaliyowapata wao au majirani zao miaka minane tu kabla. Mwigizaji wa kulipwa alikuwa mmoja, Mfaransa Jean Martin, aliyecheza kama Kanali Mathieu, kamanda wa askari wa miamvuli. Mathieu hakuwahi kuwapo. Ni mchanganyiko wa maofisa kadhaa wa kweli, Massu na Bigeard wakiwemo. Cha kufikirisha ni kwamba mwaka 1960 Martin alikuwa miongoni mwa Wafaransa waliotia sahihi tamko la watu 121 kuunga mkono haki ya kukataa kupigana vita hivyo. Mtu aliyeipinga vita ndiye aliyepewa kazi ya kuitetea mbele yetu, na anaitetea vizuri mno.

Mathieu hatoi povu. Ana adabu, ana akili, anavaa miwani ya jua. Anasimama mbele ya ubao kama mwalimu wetu wa hesabu na kuchora umbo la piramidi. Kila mwanachama wa FLN, anaeleza, anawajua watu watatu tu: aliyemwingiza, na wawili aliowaingiza yeye. Anayekamatwa ameagizwa anyamaze kwa saa 24 ili wenzake wahame. Baada ya hapo anachokijua hakina thamani tena. Basi, anasema bila kulitaja lile neno, ni lazima azungumze kabla ya saa hizo kwisha. Waandishi wa habari wanapombana kuhusu mateso, anawarudishia swali: je, mnataka Ufaransa ibaki Algeria? Mkitaka ibaki, yapokeeni yote yanayofuata. Halafu tunaonyeshwa yanayofuata, kwa umeme, kwa maji na kwa moto, huku muziki wa kinanda cha kanisani ukipigwa juu ya nyuso hizo.

Chuoni niliandika kwamba hapo ndipo ulipo ukubwa wa filamu hii: haimdanganyi mtazamaji kuhusu adui. Niliandika pia kuhusu muziki wa Ennio Morricone, jinsi wimbo uleule wa maombolezo unavyopigwa Waaljeria wanapofukuliwa kwenye vifusi na Wazungu wanapofukuliwa kwenye vifusi. Yote hayo ni kweli na bado nayaamini. Ila sikuandika hata sentensi moja kuhusu mtu aliyevishwa sare.

Nilimletea Guka filamu hiyo Desemba 2018, nilipokwenda nyumbani Murang'a kwa sikukuu. Mnamo Septemba mwaka huo rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alikuwa amekiri kwamba Maurice Audin, mwalimu kijana wa hisabati aliyeunga mkono uhuru wa Algeria, aliteswa na kufa mikononi mwa jeshi mwaka 1957. Ilikuwa imechukua miaka 61. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria Guka. Alikuwa na umri wa miaka 84. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba "alikuwa Manyani", na sentensi hiyo iliishia hapo hapo, kama jina la shule aliyosomea. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Nikajiambia, labda akiona ya wengine atasema yake.

Nikiwa mkweli, kulikuwa na sababu nyingine. Niliona wivu. Waaljeria wana filamu hii. Sisi tuna nini? Mwaka 1957, wakati Algiers inaungua, Hollywood ilitoa Something of Value, filamu nyingine nyeusi na nyeupe, kuhusu Mau Mau. Ndani yake Sidney Poitier ni kijana Mkikuyu, lakini jicho linaloitazama nchi yetu ni la mlowezi. Picha ya Dedan Kimathi inayojulikana kuliko zote ilipigwa na waliomkamata: amelala, amejeruhiwa, mikono ina pingu. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku tano baadaye, Algiers, askari wa miamvuli walimkamata Larbi Ben M'hidi, mmoja wa waanzilishi wa FLN. Naye alipigwa picha akiwa na pingu, anatabasamu. Muda mfupi baadaye ilitangazwa kwamba amejinyonga. Katika filamu waandishi wa habari wanasikia tangazo hilo na nyuso zao zinaonyesha hawaliamini. Mwaka 2001 jenerali mstaafu Paul Aussaresses aliandika kwamba yeye na watu wake ndio waliomnyonga, na tarehe 1 Novemba 2024 Macron akakiri rasmi kwamba aliuawa na wanajeshi wa Ufaransa. Filamu ilikuwa imelisema hilo mapema kwa karibu miaka sitini. Mimi nilitaka Guka naye awe na filamu inayosema mapema.

Tukaitazama sebuleni, laptopu juu ya stuli. Maandishi ya chini hakuweza kuyasoma kwa haraka, kwa hiyo nikawa namtafsiria, mara kwa Kikuyu, mara kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye vizuizi vya waya, wanaume wamepangwa mistari wakinyoosha vitambulisho, aliniambia ninyamaze. Hakuhitaji mkalimani hapo.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa baada ya mtaa ulifungwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, na katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Walipelekwa kuchujwa Langata, na kutoka huko wengi wakapandishwa magari hadi kambi za Mackinnon Road na Manyani. Mambo hayo niliyasoma vitabuni. Guka alikuwa na umri wa miaka 20, alifanya kazi kwa fundi wa mbao, na alilala Pumwani katika chumba kimoja na vijana wengine watatu.

Basi aliponiuliza yule mtu wa kwanza aliishia wapi, na mimi hatimaye nikamkumbuka, nilimjibu kwamba filamu haisemi.

"Haisemi?"

"Haisemi, Guka. Inamfuata Ali."

Alitikisa kichwa polepole. "Sisi tulikuwa na wa gunia," akasema. "Gakunia."

Gakunia maana yake ni kigunia. Wakati wa kuchujwa, mtu alifunikwa gunia kuanzia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Aliketi au alisimama, na foleni ya watu ikapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu wa Mau Mau, na safari yake ilianza hapo. Hakuna neno lililosemwa. Hakuna hakimu aliyeketi.

"Mimi aliyenitikisia kichwa nilimjua," Guka akasema. "Uso sikuuona. Niliona miguu. Tulikuwa tumelala naye chumba kimoja mwaka mzima, nitaacha kuijua miguu yake? Ilikuwa imevimba hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili, kama anayeshika boga. "Walikuwa wamempiga nyayo."

Nikamuuliza kama alimsamehe.

"Hapana," akasema, na hakusita. "Nimekaa Manyani na kambi nyingine miaka minne kwa sababu yake. Mama yangu amezikwa mimi sipo. Lakini ile miguu niliiona." Akanyamaza. "Nilipotoka nilimuulizia. Mmoja akaniambia watu wetu walimmaliza. Mwingine akaniambia alihama, akabadilisha jina. Mpaka leo sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyesoma."

Mimi niliyesoma sikuwa na la kumjibu.

Baada ya usiku huo nilianza kuisoma upya historia ya filamu niliyodhani naijua, safari hii nikitafuta kilichoachwa mlangoni. Niligundua kwanza kwamba Waaljeria wenyewe wamebishana kwa miongo kuhusu ni nani hasa aliyeonyesha maficho ya Ali la Pointe. Tuhuma zimerushwa hadharani na maveterani dhidi ya maveterani, na zimekanushwa kwa hasira. Mtu dhaifu asiye na umaarufu, aliyevunjwa kwa mateso, ndiye jibu ambalo filamu ilituchagulia. Ni jibu lenye huruma. Pia ni jibu lisilomgusa mkubwa yeyote.

Niligundua kwamba ukuta ule ulipolipuliwa tarehe 8 Oktoba 1957, hawakufa tu Ali, Hassiba Ben Bouali, Mahmoud Bouhamidi na mtoto Omar, aliyekuwa na miaka 13. Majirani pia walikufa, watoto wakiwemo. Katika filamu wakazi wametolewa nyumbani, wanatazama wakiwa juu ya mapaa wakiomba dua.

Niligundua kwamba kati ya mabomu matatu ya tarehe 30 Septemba 1956, mawili yalilipuka, kwenye Milk Bar na kwenye Cafétéria. La tatu, katika ofisi za shirika la ndege, liligoma. Katika filamu yote matatu yanalipuka. Pale Milk Bar kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, Danielle Michel-Chich, aliyekuja na bibi yake. Bibi alikufa, na mtoto akapoteza mguu. Mwaka 2012 alichapisha kitabu kilichoandikwa kama barua kwa Zohra Drif, mwanamke aliyekiweka kikapu hapo, ambaye baadaye alikuwa seneta. Kwa miaka mingi nilijua mtoto wa aiskrimu ni picha nzuri ya kuandikia insha. Sikuwa nimefikiri kwamba anaweza kuwa mtu mzima mwenye jina.

Sisemi hayo ili kuweka vikapu na ndege za kivita kwenye mizani moja. Filamu yenyewe inalijua swali hilo: mwandishi wa habari anamuuliza Ben M'hidi kama si uoga kutumia vikapu vya wanawake kubebea mabomu, naye anamjibu kwamba mabomu ya moto juu ya vijiji yanaua wengi zaidi, na kwamba Wafaransa wakitoa ndege zao atawapa vikapu. Ni jibu ambalo sijapata kusikia mtu akilivunja. Mabomu ya Septemba yalikuja baada ya mzalendo Ahmed Zabana kukatwa shingo kwa gilotini tarehe 19 Juni 1956, na baada ya bomu la Wazungu wenye msimamo mkali kuwaua Waaljeria makumi usingizini katika Rue de Thèbes tarehe 10 Agosti. Mpangilio huo wa sababu na matokeo filamu inauonyesha kwa haki. Na takwimu ya Paul Teitgen, ofisa mkuu wa polisi wa Algiers aliyejiuzulu mwaka 1957 kwa kuchukizwa na mateso, inabaki pale pale: watu 3,024 waliozuiliwa wakatoweka. Aliyekuwa na dola ndiye aliyekuwa na vyumba vile.

Ila kuna jambo ambalo mshindi hulifanya bila kukusudia ubaya. Anaposimulia, anahesabu waliokufa wakiwa kimya, na hao anawapa sura. Waliokufa wakiwa wamesema, au walioishi baada ya kusema, hao hawana mahali pa kukaa katika hadithi. Filamu hii imewatazamwa na Black Panthers Marekani waliotaka kujifunza kupigana, na tarehe 27 Agosti 2003 ikaonyeshwa Pentagon kwa maofisa waliotaka kujifunza kuwashinda wanaopigana huko Iraki. Kila upande ulijifunza kutoka kwa Ali au kutoka kwa Mathieu. Sidhani kuna yeyote aliyetoka ukumbini akisema amejifunza kutoka kwa mtu aliyevishwa sare. Hakuna jeshi linalomhitaji tena.

Hata wakati wa kuipiga filamu hiyo, historia ilikuwa imeanza kuchagua tena. Tarehe 19 Juni 1965 Kanali Houari Boumediene alimpindua rais wa kwanza wa Algeria huru, Ahmed Ben Bella. Inasimuliwa kwamba watu wa Algiers walipoviona vifaru barabarani walidhani ni vya filamu. Tukio la mwisho la filamu ni maandamano ya Desemba 1960, umati unapotokea ndani ya moshi na mwanamke mmoja anacheza na bendera mbele ya askari, na sauti inatuambia kwamba uhuru ulikuja Julai 1962. Nilipoitazama na Guka nililia hapo, kama kawaida yangu. Yeye hakulia. Alikuwa bado anamngoja mtu wa kwanza arudi.

Guka alifariki mwaka 2021. Katika matanga yake msemaji alisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi: alizaliwa, alifanya kazi Nairobi, alikuwa Manyani, alirudi akaoa, alikuwa fundi hodari. Nilikuwa nimeombwa niandike karatasi hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza mstari mmoja kuhusu miguu iliyovimba, na kuhusu kijana wa Pumwani ambaye babu yangu hakumsamehe na hakuacha kumuulizia. Sikuongeza. Niliogopa kwamba katika umati ule huenda kulikuwa na mjukuu wa mtu mwingine, anayejua au asiyejua.

Bado naipenda filamu ya Pontecorvo. Nimeionyesha kwa marafiki, na kila mara kuna mtu ukumbini anayepiga makofi wanawake wanapopita kizuizini, nami simlaumu. Ila siku hizi huwa nawaomba watu kitu kimoja kabla sijabonyeza. Nawaambia wamtazame vizuri mtu wa kwanza: kahawa anayopewa, kofia, dirisha analokimbilia. Ni dakika chache tu. Baada ya hapo hamtamwona, nawaambia, na hakuna atakayewaambia aliishia wapi.